Saa Tisa ya Nani?

Nilistaafu mwezi uliopita. Sikupewa saa ya ukutani wala hotuba, maana mwandishi wa kujitegemea hana ofisi ya kumuaga. Nilimwandikia mhariri wangu wa mwisho, mtu wa ng'ambo ambaye sijapata kumwona uso, nikamwambia sitaandika tena. Alinijibu "sawa", kisha akaniuliza kama namjua mwingine wa bei nafuu.

Basi nawaandikia nyinyi, vijana wa lile kundi letu la simu, la waandishi wa gemu. Kila wiki mwauliza swali lile lile: kazi ya kuandika gemu, yenye kulipwa, hupatikana wapi? Nami kila wiki nilikuwa nanyamaza. Si kiburi. Jibu langu ni refu, na kuna kipande ndani yake kinachoniunguza. Juzi mmoja wenu, mgeni kundini, aliwaonya wenziwe wasije "wakapiga saa tisa" kwenye tathmini zao, na wote mkacheka. Nikauliza maana yake kama mtu asiyejua. Akanieleza kwa adabu kwamba ni kuvunja masharti kisha ukadanganya, ni msemo tu wa zamani, Bi Saada, usijali. Si wa zamani kiasi hicho. Una miaka kumi na mmoja, na ulikuwa jina la mtu kabla ya kuwa msemo. Nitaufikia.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na saba, mtalaka, nimerudi Wete kwa mama yangu kutoka Wingwi, nilikoolewa na kuachwa kwa sababu zisizohusiana na gemu. Nilipata kazi ya kupiga chapa barua za watu katika duka la Bi Kusum. Bi Kusum alikuwa mjane wa Kihindi, mzaliwa wa Wete kama mie, na Kipemba chake kilikuwa kizito kuliko changu. Mbele aliuza madaftari, kalamu na karatasi za ofisi. Nyuma palikuwa na chumba chenye mashine nne za gemu, na wavulana walikodi kwa dakika wakitoka skuli. Mie mwanamke mzima, tena mtalaka, nisingeweza kukaa mle na vijana. Mji ungenila nyama.

Bi Kusum ndiye aliyeona jinsi nilivyokuwa nachungulia kila nikipeleka karatasi nyuma. Hakunicheka. Alinambia nije saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hajafungua. Tukawa twacheza wawili, yeye na sari yake, mie na kanga yangu, mlango umekomewa, chai ya maziwa iko chini ili isije ikamwagikia mashine. Umeme ulikuwa bado wa majenereta, kabla ya ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na ulikatika ulivyotaka wenyewe. Nimepoteza safari ngapi katikati ya pango, sijui. Nilijifunza kusevu, kuhifadhi pale nilipofika, kila nikivuka mlango, na mpaka leo nikitoka chumbani mkono hunicheza.

Alinifundisha pia kutengeneza pedi, kile kidude cha vitufe tunachoshika tukicheza, na hilo nawaachia nyinyi kama urithi, kwa kuwa sina mwingine. Bisibisi ndogo, pamba ya masikio, spiriti kidogo na penseli laini ya kuchorea. Kitufe kikigoma, fungua pedi, safisha kwa spiriti, kisha paka risasi ya penseli chini ya kile kimpira cheusi. Kitakwenda wiki mbili. Mkisoma tathmini zangu za miaka ile mkaona nalalamika kwamba shujaa haruki kwa wakati, jueni nusu ya malalamiko yale ni ya penseli.

Na alikuwa na sharti moja. Gemu usilolimaliza, usilisemee. Palikuwa na moja baya mno, la vita, na nilimwambia nishalijua, halina kitu. Aliniketisha nalo wiki tatu mpaka jina la mwisho la watengenezaji likapita kwenye skrini. Lilikuwa baya hadi mwisho, lakini nilijua ubaya wake ulianzia wapi. Tathmini zinazoandikwa siku hizi baada ya kucheza robo saa, hata kuzitukana naona uvivu.

Kazi ya kwanza yenye malipo niliipata kwa kutoelewana. Gazeti moja la Dar es Salaam lilitangaza kwamba linataka mwandishi wa michezo aliyeko Pemba. Nikaandika kurasa mbili, nikaeleza gemu zote nilizozimaliza na namna nitakavyozichambua. Nafikiri mtu aliyefungua bahasha alisoma neno "michezo" na neno "Pemba", akatosheka. Nikapewa mechi ya mpira. Nikaenda uwanjani na buibui langu na daftari, nikakaa mahali ambapo wanaume wote walisogea kidogo kunipisha kisha wakasogea tena kunitazama. Sikujua hata timu moja. Niliandika upepo ulivyokuwa, niliandika kwamba beki wa kushoto alikuwa akirudia kosa lile lile kila mpira ukija juu, na kwamba angejifunza kungoja angeshinda. Mfungaji nilimkosea jina.

Siku mbili baadaye simu ya dukani ililia, ikawa yangu. Mwanamke, sauti ya chini, lafudhi ya kwetu iliyosuguliwa na Dar lakini haijatoka.

"Wewe ndo Saada? Mie Rahma, mhariri msaidizi. Mechi hii umeiandika kama mtu aliyeshika pedi."

Nikadhani nafukuzwa. Nikamweleza ukweli wote, duka, asubuhi, Bi Kusum. Alicheka mpaka nikaondoa simu sikioni. Alikuwa mzaliwa wa Mtambile, amenizidi miaka mitano, na yeye mwenyewe alikuwa akicheza kwa kificho nyumbani kwa kaka yake. Akanipa pembe ya ukurasa wa nyuma, kila Jumamosi, niandike gemu. Lakini kwanza, alisema, tumalize la mfungaji.

Hapo ndipo aliponifundisha masahihisho. Sikilizeni hili, maana hamlijui, nawasomeni. Masahihisho ni sentensi tatu. Ya kwanza yasema nini kilikosewa. Ya pili yasema sahihi ni ipi. Ya tatu yasema nani alikosa. Hakuna "kwa bahati mbaya", hakuna "tunasikitika", hakuna kuomba radhi kwa usumbufu. Radhi ni ya mwandishi, ili alale usingizi, alisema Rahma. Masahihisho ni ya yule aliyekosewa. Nikaandika sentensi tatu za yule mfungaji. Ya tatu ilinichoma, na Rahma akasema ndo vizuri.

Alikuwa na kanuni nyingine, na hiyo niliisikia mara nyingi bila kuitilia maanani. Mbele za watu kosa la mwandishi ni la mhariri. Ndani, kila mtu abebe lake.

Miaka saba niliandika pembe ile. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba naandika michezo, nao wakadhani mpira, naye akawaacha. Alipokuja mtu kuniposa, mjomba wake aliuliza kazi yangu, akajibiwa, akasema, "Kwa hiyo bibi harusi anacheza?" Posa ikaishia pale pale, na sikulia.

Kisha gazeti likapunguza kurasa, na ya nyuma ikawa ya kwanza kwenda. Rahma akaacha kazi, akafungua tovuti yake ya gemu kwa Kiswahili, ya kwanza niliyopata kuijua mie. Watu wanne: yeye, vijana wawili wa Dar, na mie Wete. Tuliandika kwa heshima. Tulimaliza kila gemu. Lakini tulikuwa daima wa mwisho, kwa kuwa hakuna kampuni iliyotupa nakala ya mapema. Wenzetu wa ng'ambo hupewa gemu wiki mbili kabla halijauzwa, wakakubali embago, yaani siku na saa ambayo kabla yake huruhusiwi kutangaza neno. Sie tulinunua kama watu wote, tukapakua kwa siku kumi, na tathmini ikitoka watu washalicheza wakalisahau.

Nikajitwisha kazi ya kutafuta nakala. Hapa pana jambo la maana kwenu. Usiandike barua ya kusifu kampuni, wana wa kuwasifu. Usipeleke makala nzima. Sema wasomaji wako ni nani, sema utaandika nini ambacho hakuna mwingine awezaye, na usizidishe aya mbili. Nilisikia kwamba kampuni moja ya ng'ambo inatengeneza gemu la kulima kisiwa cha viungo, na wahusika wake wanasema Kiswahili. Nikawaandikia. Hawakujibu. Nikaandika tena. Mara ya tatu nilikuwa nimekasirika, nikaongeza mstari mmoja: kama mwataka wasomaji wa Kiswahili, anzeni kwa kutuandikia Kiswahili.

Wakajibu. Kwa Kiswahili.

Niliifungua barua ile kwenye kompyuta ya Bi Kusum, dukani, nikaisoma kwa sauti kama mtu asomaye barua ya ndoa. Kiswahili chake kilikuwa kama cha kikaratasi cha dawa ya kikohozi, lakini kilikuwa chetu. Walitupa nakala. Walitupongeza. Na chini waliandika: "Msitangaze chochote kabla ya saa tisa, siku ya Alhamisi."

Bi Kusum alikuwa akihesabu madaftari. Hakuinua kichwa.

"Saa tisa ya nani?"

"Ya Waswahili, Bi Kusum. Si imeandikwa Kiswahili?"

Akanambia niangalie. Yeye aliuza tiketi za meli pale dukani, na kila mwezi alimpata mgeni aliyeachwa na meli kwa kuwa tiketi imesema saba na watu wamemwambia saa moja. Nikamwambia hawa si wageni, hawa wametuandikia. Nilikuwa na kichwa kikubwa siku ile, mlango wa duka ulikuwa mdogo kwangu.

Na chini ya Kiswahili, baada ya nembo yao na nafasi nyeupe ndefu, palikuwa na maneno ya Kizungu. Niliyaona. Nataka hili liandikwe wazi: niliyaona yakianza. Sikuyasoma. Niliona ni aibu kuandikiwa kwa lugha yangu kisha nikimbilie ya kwao kuhakikisha. Nilipompelekea Rahma barua ile nilifanya zaidi. Nilikata kile Kizungu chote, nikabakisha Kiswahili, nikaandika juu yake: "Tazama, dada. Wametuandikia."

Akajibu kwamba amelia. Rahma hakuwa mtu wa kulia.

Gemu lenyewe lilikuwa zuri kuliko nilivyotaka liwe. Kosa lake kubwa ni kwamba karafuu zilichimbwa. Wallahi. Mkulima alichukua jembe, akafukua, akatoa karafuu ardhini kama njugu. Nilimwita Bi Kusum aje aone, akakaa chini kwa kucheka. Nililimaliza lote, mara mbili. Niliandika tathmini bora ya maisha yangu, na sisemi hivyo kwa majivuno, kwa sababu sikupata kuandika nyingine kama ile.

Alhamisi, saa tisa ya mchana kamili, Rahma akaitoa.

Kwa muda mfupi tulikuwa wa kwanza duniani. Watu wa lugha nisizozijua walikuwa wakipachika maneno yetu kwenye mashine za kutafsiri wapate kuelewa. Adhana ya alasiri ilikuwa bado haijatoka simu yangu ilipolia. Rahma. Kampuni imemwandikia kwamba tumevunja embago, tena kwa saa sita nzima, na kwamba wanatufuta kwenye orodha yao, na wamewajulisha wenzao wa kampuni nyingine. Alisema kwa utulivu. Akauliza kama naelewa.

Nilikuwa nimeshaifungua ile barua. Nikashuka chini, nikapita nembo, nikapita ule weupe. Tisa ya Kizungu, usiku, saa za Afrika Mashariki. Yaani saa tatu ya usiku. Ilikuwa imeandikwa bila kificho, kwa tarakimu, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tano angeiona. Mfasiri wao aliichukua tisa yao akaiita tisa yetu.

"Saada," Rahma akasema. "Barua uliyonipa ndo yote?"

"Ndo yote."

Neno lilitoka lenyewe. Nimelichungua miaka kumi na mmoja, na sijapata kuona lilipita wapi.

Rahma akasimama mbele ya watu. Aliandika tamko kwenye tovuti kwamba kampuni ilitupa agizo kwa Kiswahili tu, kwamba saa tisa kwa Kiswahili ni saa tisa, na kwamba mwenye kosa ni aliyetafsiri. Lilikuwa tamko zuri na watu walitushangilia siku moja. Siku ya pili kampuni ilianika barua nzima, Kiswahili juu, Kizungu chini. Mshangilio ukageuka. Ikawa mhariri amekata barua, mhariri ametaka kuwa wa kwanza, mhariri mwongo. Wakamwita Rahma Saa Tisa. Hata wauza gemu wa Dar walimwita hivyo mbele yake. Matangazo yakaondoka kwenye tovuti, vijana wale wawili wakaondoka, na miezi mitatu baadaye tovuti yenyewe ikafungwa.

Kumbukeni kwamba siku ile ya pili alijua. Aliiona barua nzima pamoja na dunia yote, na aliyempelekea ile nusu alikuwa mtu mmoja tu. Angeweza kuonyesha ujumbe wangu, "Tazama, dada", na jina la Saa Tisa lingehamia Wete siku ile ile. Hakuonyesha. Nilingoja anipigie anitukane. Nilikaa na simu mapajani kama mtu angojaye habari ya hospitali. Hakupiga, nami sikupiga.

Sasa njooni kwenye swali lenu. Kazi yenye kulipwa hupatikana wapi? Mie niliipata hapo. Wiki ileile tovuti moja kubwa ya ng'ambo iliniandikia. Wamesikia kisa, wanaona kinachekesha, je, naweza kuwaandikia Waswahili wanavyohesabu saa, na jinsi kampuni ilivyoanguka katika shimo hilo? Niliandika. Niliandika jua linavyochomoza saa kumi na mbili, niliandika tiketi za meli, nilimwandika hata Bi Kusum na "saa tisa ya nani" yake, kana kwamba nilimsikiliza. Nilimlaumu mfasiri. Mkasi wangu sikuutaja. Walifurahi, wakataka nyingine, na mlango wa ng'ambo uliofungwa miaka yote ukafunguka kwa mgongo wa Rahma.

Bi Kusum nilimsomea makala ile dukani. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kile ulichokata?" Nikasema nafasi haikutosha. Alirudi kwenye madaftari yake. Asubuhi zetu ziliendelea, lakini chai aliimimina bila kuzungumza, na mwaka wa pili yake alifariki. Pedi zake na kasha la bisibisi alinirithisha mie. Sikujua nifurahi au nijifiche.

Ya ng'ambo sitayasimulia sana. Walichotaka kwangu ni huzuni kidogo. Nikipeleka uchambuzi wa gemu waliniuliza kama hakuna habari ya watoto maskini wanaocheza kwenye mashine mbovu. Nikiandika kwamba gemu lina kasoro katika mpangilio wa vita, wakauliza, na wewe kama mwanamke wa kisiwani uliona vipi? Niliona lina kasoro katika mpangilio wa vita. Mara moja walitaka picha ya pedi iliyochongwa kwa ubao. Niliwaambia Pemba hatuchongi pedi. Makala ikafa. Nyingine, nakiri, niliwapa huzuni yao, na nyie mmezisoma na kuzisifu, na kila mliponisifu nilizidi kuwachukia kidogo. Mnisamehe. Mwishoni wakaanza kuniletea maandishi yaliyotungwa na mashine niyaweke sawa, na hapo nikasema basi.

Mambo ya kufuata yapo, msiseme nimewanyima. Soma chombo miezi kadhaa kabla ya kuwaandikia. Uliza malipo kabla ya kuandika na si baada. Anayekwambia utalipwa kwa kujulikana, mwambie watu wakujua tayari. Maliza gemu. Na barua isome mpaka chini, kila barua, hata ikuite malkia.

Nilipostaafu nilikwenda Mtambile. Rahma alirudi kwao zamani, ana cherehani tatu na anashona sare za skuli. Sikupiga simu kabla, nilihofia ataniambia nisije, na nilihofia zaidi ataniambia nije. Nilimkuta anapima kola. Amenenepa, nywele za mbele zimeingia mvi, miwani ya kusomea iko kwenye ncha ya pua kama alivyokuwa akivaa gazetini. Alinitazama juu ya miwani. Akanikaribisha, akaniuliza hali ya mama, nikamwambia marehemu, akasema inna lillahi. Akaniagizia chai. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, na yote yalikuwa ya kuomba radhi. Nikayasema. Nikalia pia, kwa kelele, mbele ya mafundi wawili ambao walizima cherehani zao kwa adabu.

Akaningoja nimalize. Kisha akatoa pini mdomoni.

"Radhi sitaki, Saada. Ukishaniomba utalala usingizi, nami nitabaki Saa Tisa." Akaichoma pini kwenye kola. "Nilingoja masahihisho. Kila mwaka nilifungua makala zako, nikitazama chini kabisa, huwa yanawekwa chini."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akajibu kwamba lile la mbele za watu alilibeba kwa kuwa lilikuwa lake. La ndani lilikuwa langu, na hakuwa na haja ya kunibebea yote mawili. Akarudi kwenye kola. Niliondoka chai ikiwa nusu.

Nimeandika mengi humu, na yeye angeyakata karibu yote. Hili asingelikata. Liwekeni chini kabisa ya kundi lenu, mahali pake, na mtu akisema tena kupiga saa tisa, mwonyesheni.

Masahihisho. Imekuwa ikielezwa kwamba Rahma Massoud Kombo, mhariri, alikata barua ya kampuni, akavunja embago na kudanganya wasomaji. Sahihi ni kwamba alipewa nusu ya barua, akaiamini. Aliyeikata, na akaulizwa, na akasema ndo yote, ni mimi, Saada Khatib Faki, wa Wete.